Mashahidi wa Sitarani

Nilivyofika Sitarani si habari ya kumchosha mtu. Nilipotea, nikauliza njia, nikaelekezwa vibaya, nikafika. Niseme tu kwamba mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha jiografia mpaka magoti yakagoma, na kwamba haya ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu mwenyewe. Maneno hayo ya mwisho ni kosa kule Sitarani, na kama utakavyoona, niliyasema mbele ya baraza zima.

Kitu cha kwanza nilichokutana nacho ni bonde zuri, majani mabichi hadi ukingoni mwa kijito, na ndani yake watoto wamesimama kwa mistari, kimya, vichwa vimeinama. Nilidhani kuna maziko. Nikavua kofia, nikasimama nao kwa heshima, nikimwombea marehemu ambaye sikumjua. Baada ya muda alinijia mtu mmoja mrefu aliyevaa tai, akaniuliza kwa upole mbona nimevua kofia kwenye jua kali namna ile.

"Naona watoto wamefiwa," nikamwambia.

"Hapana, mzee wangu. Wako kwenye somo la nje."

Huyo alikuwa Bwana Kilindo, Mkaguzi wa Mashahidi katika wilaya hiyo. Alikuwa mtu mwungwana, mwenye sauti ya chini, na ndiye aliyenieleza sheria za nchi yake. Zamani, alisema, Wasitara waligundua kwamba watoto wao hawatoki nje kabisa. Walikuwa wamepauka. Mmoja wao alikimbizwa hospitali baada ya kukanyaga umande, mama yake akidhani nyayo za mtoto zinavuja. Watu wakashtuka, baraza likakaa, ikapitishwa Sheria ya Jua: kila mtoto ajifunze nje kila siku. Ni sheria nzuri, na kama ingeishia hapo ningekuwa sina la kuandika. Lakini mjumbe mmoja akauliza, tutajuaje kama kweli wametoka? Walilijadili swali hilo msimu mzima, na hakutokea hata mmoja wa kupendekeza kwamba watu watoke wakaangalie.

Badala yake wakatengeneza Shahidi. Ni kisanduku chenye kioo, kidogo kuliko mche wa sabuni, na mtoto hukivaa shingoni kwa kamba. Shahidi hupima jua, huhesabu hatua, hunusa majani yaliyo karibu, na kubwa kuliko yote, huutazama uso wa aliyemvaa ili kujua kama amezama katika somo. Aliyezama ni yule aliyeinamia kioo. Mtoto akimwelekeza Shahidi kwenye mti, Shahidi husema, "Huu ni mti. Hongera," na alama huenda zenyewe mpaka barazani. Akiinua kichwa kuutazama mti wenyewe, Shahidi hunyamaza kidogo, kisha husema, "Mwanafunzi hayupo."

Nilimsogelea mtoto mmoja nikamuuliza kama maji ya kijito kile ni baridi. Akaelekeza kisanduku chake majini, akasoma.

"Baridi kiasi," akasema.

"Na wewe mwenyewe unaonaje?"

Alinitazama kwa huruma, kama ninavyotazamwa na wajukuu zangu ninaposhindwa kufungua simu. "Bado hatujafika sura hiyo," akajibu, akainama tena.

Bwana Kilindo alinitafutia malazi kwa Bi Mashavu, mwanamke mjane anayeshona mapazia. Usishangae mjane kulisha familia kwa mapazia. Sitarani hakuna biashara inayotoka kama hiyo, na muda si mrefu nilijua sababu. Alasiri ile nilipopita mtaani, kila dirisha lilikuwa limefungwa, na nyuma ya kila pazia nilisikia sauti za watoto wakikariri kwa pamoja sifa za upepo wa asubuhi. Ilikuwa twisheni ya mtihani wa nje. Barabarani hapakuwa na mtoto hata mmoja. Palikuwa na mbuzi tu, wengi, wamenona, na kila mbuzi alikuwa na Shahidi shingoni.

"Hiyo tunaita kuazima shingo," Bi Mashavu alinieleza huku akitia uzi sindanoni. "Mtoto akitoka nje kweli, atafaulu vipi mtihani wa nje? Muda wa kusoma ataupata wapi? Basi mzazi anayempenda mwanawe anamvua Shahidi, anamvika mbuzi. Mbuzi yuko nje, Shahidi yuko nje, alama ziko nje."

"Na mtoto?"

"Mtoto yuko ndani, anasoma. Kila mtu yuko mahali pake."

Wala hawakuona aibu. Jirani yake, Bwana Shamte, alikuwa na beberu mmoja aliyeitwa Tarumbeta kwa sababu ya sauti yake, na alimsifia kwangu kama watu wanavyosifia mtoto aliyepata kazi benki. Nilipomtazama Tarumbeta akila majani nikaelewa kwa nini mbuzi hufaulu sana kule. Akiinamisha kichwa kula, kisanduku huning'inia mbele ya pua yake, katikati ya majani, na kwa hesabu za Shahidi hakuna mwanafunzi aliyewahi kuzama katika somo namna ile. Nilikumbuka watoto wa bondeni, wale ambao hawakuwa na mbuzi wa kuwaazimia shingo. Mkao ulikuwa uleule.

Mchungaji wa mbuzi hao wote alikuwa Siwema, binti wa Bi Mashavu. Kwao hakukuwa na mbuzi wa kuazimwa shingo wala fedha ya twisheni, kwa hiyo yeye alipewa kazi ya kuwatoa mbuzi wa mtaa asubuhi na kuwarudisha jioni. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba katika mji ule mzima, mtoto pekee aliyeshinda nje alikuwa yeye. Alikuwa mwembamba, mdadisi, na shingo yake ilikuwa imezoea kugeuka kila upande.

Siku ya pili nilifuatana naye malishoni. Alikuwa na Shahidi wa zamani sana aliyemrithi kwa shangazi yake. Kioo kilikuwa kimepasuka na hakionyeshi neno, ingawa ndani kwa ndani kilikuwa kikipeleka habari zake barazani kama vingine. Lakini kisanduku kile kilikuwa na kitu ambacho sikukiona kwa vile vipya: uzi mfupi wa waya wenye kikombe kidogo cha shaba mwishoni, mfano wa kile cha daktari.

"Shikamoo babu, jana sikukuamkia," Siwema alisema, kisha bila kungoja marahaba yangu akakibandika kikombe kwenye kichuguu na kunipa kisanduku. "Weka sikioni."

Nikaweka. Mwanzoni sikusikia kitu. Halafu nikasikia kama watu wengi, mbali, wanakunja karatasi.

"Mchwa," akasema. "Hapo wanatafuna. Ukigonga kidogo wananyamaza wote, halafu mmoja anaanza tena. Huyo anayeanza nampenda."

Tukasikiliza mti, tukasikiliza ardhi wakati mbuzi wanakimbia, tukasikiliza tumbo la Tarumbeta, ambalo lina mambo yake. Kisha Siwema alikiacha kisanduku kikining'inia, akachimba kwa kijiti, akanionyesha njia ya mchwa waliokuwa wakisikika. Nilifurahi sana siku ile. Nasema hivyo waziwazi kwa kuwa mtu akisoma kejeli zangu anaweza kudhani nachukia visanduku, na sivyo. Kile kilimpeleka mtoto kwenye udongo, kisha kikanyamaza akautazama.

Jioni nilimuuliza Bwana Kilindo ni nani aliyekitia kisanduku sikio. Alirekebisha tai yake ambayo haikuwa imekaa vibaya.

"Mimi," akasema. "Nilikuwa mwalimu kijana. Hakikuwa na kioo wala hesabu. Kilikuwa sikio tu. Baraza likakipenda, wakasema tuongeze kioo. Kisha wakaongeza hesabu. Mwishowe wakaliondoa sikio, kwa kuwa hakuna aliyejua linastahili alama ngapi."

"Na wewe ukasema nini?"

"Walinipandisha cheo," akajibu, akaniaga.

Mwisho wa mwaka wa masomo ulikuwa umekaribia, na nilipofika nyumbani nikamkuta Bi Mashavu amekaa na kitambaa kizito cheusi mapajani, hashoni. Siwema alikuwa ameitwa barazani. Kwa sababu alizoea kuinua kichwa, Shahidi wake alikuwa amesema "hayupo" tangu mwaka uanze, na mtoto asiyekuwapo nje hupelekwa Nyumba ya Mapazia. Humo hufungiwa, madirisha yamezibwa, mpaka ajifunze namna ya kuwa nje. Wengine hukaa mwaka. Wengine, wakitoka, hawainui vichwa tena.

"Mapazia ya nyumba hiyo nashona mimi," Bi Mashavu aliniambia. "Hili hapa ni la chumba kipya. Nimeagizwa liwe zito lisipitishe hata uzi wa mwanga. Mgeni, nifanye nini? Nisiposhona hatuli. Nikishona, namfunika mwanangu."

Nilimwambia nitakwenda barazani niseme nilichokiona, na hilo lilimfariji kuliko lilivyostahili.

Baraza la Sitarani hukutana katika Ukumbi wa Anga, jengo wanalojivunia mno. Dari lake limechorwa mbingu ya buluu yenye mawingu, pangaboi huleta upepo, na nguzo za mbao zimepakwa rangi ya magome ya miti. Wajumbe waliniambia kuwa humo mtu huwa nje bila usumbufu wa kuwa nje. Siku ya shauri watoto wa wilaya walikalishwa mbele, wazazi nyuma, na wajumbe jukwaani, kila mmoja na Shahidi wake shingoni. Siwema aliamriwa asimame kando ya nguzo ya kati, mahali pa washtakiwa.

Kwanza zilitolewa zawadi. Mwanafunzi bora wa masomo ya nje, ambaye hupewa nishani na nafasi katika shule ya wenye vipaji, alikuwa Adinani, mtoto wa Bwana Shamte, mvulana mweupe kama unga wa muhogo. Mwenyekiti akamuuliza, kama ilivyo desturi, ni nini alichokipenda zaidi huko nje. Adinani alikuwa mtoto mkweli ambaye hakuandaliwa kwa swali hilo.

"Sijui, mheshimiwa," akasema. "Labda aulizwe Tarumbeta."

Tarumbeta ni nani? Ikabidi aletwe. Aliingia akiwa na Shahidi wake shingoni, akafungwa kwenye nguzo ya kati, na papo hapo baraza likagawanyika. Kumbe lilikuwa limegawanyika siku nyingi, likikosa nafasi tu. Kundi la kwanza, Wajina, walisema alama ni za mwenye jina lililoandikwa ndani ya kisanduku, na shingo ni mahali pa kuning'inizia tu. Kundi la pili, Washingo, walisimama wakasema Shahidi humshuhudia aliyemvaa, na kwamba jina halijawahi kuunguzwa na jua. Mjumbe mmoja wa Wajina akauliza kama mbuzi anaweza kukaa shule ya wenye vipaji. Mshingo akamjibu kwamba nidhamu yake haijawahi kulalamikiwa. Walijadiliana kwa ufasaha, kwa adabu, kwa kunukuu vifungu, na nilijikuta navutwa mpaka nikasahau kwamba tunamzungumzia beberu anayekula shada la maua mezani.

Mwishowe wakapatana. Mbuzi apewe nishani, mtoto apewe nafasi. Adinani akauliza kama wanaweza kubadilishana, lakini makofi yalimzidi.

Ndipo likaja shauri la Siwema, na hilo halikugawanya mtu. Wajina na Washingo walikuwa kitu kimoja: jina hilo halikuwapo nje, na shingo hiyo pia. Niliomba kusema. Nikasimama, magoti yakalia, nikasema mtoto huyu nimemwona nje kwa macho yangu, asubuhi hadi jioni.

"Una Shahidi?" Mwenyekiti akaniuliza.

"Nina macho, mheshimiwa."

"Mgeni, macho ni mali ya mtu binafsi. Baraza haliwezi kuyakagua." Alisema hayo bila ubaya wowote, akanionyesha kiti. Nilikaa, na nilipogeuka nikamwona Bi Mashavu ameziba mdomo kwa upande wa kanga. Mbele, Mwenyekiti alivaa miwani na kuanza kuisoma hukumu, ambayo kwa sheria yao ni lazima isomwe yote ndipo iwe halali, na ni ndefu.

Siwema hakuwa akisikiliza. Alikuwa amekibandika kikombe chake cha shaba kwenye nguzo. Nilimwona akikunja uso, akabandika juu zaidi, kisha akamvuta koti Bwana Kilindo aliyesimama karibu naye, akampa kisanduku.

Sijui ilikuwa imepita miaka mingapi tangu mtu yule akiweke sikioni. Alisikiliza. Akapanda jukwaani, akasema kwa sauti yake ile ya chini, "Mheshimiwa, niwie radhi. Nguzo hii imeliwa na mchwa mpaka juu. Tutoke."

Mwenyekiti alikerwa, lakini alikuwa mtu wa haki. Akamtazama Shahidi wake, akasoma kwa sauti ili wote wasikie. "Mahali: ndani. Wadudu: hakuna." Wajumbe nao wakatazama vyao. Vyote vilisema hivyohivyo. Akarudi kwenye hukumu yake.

Nadhani hapo ndipo Bwana Kilindo alipoamua kukiacha cheo chake. Akawageukia watoto, akapaza sauti kuliko nilivyomdhania.

"Zoezi la ghafla la somo la nje! Kila mtoto, sasa hivi!"

Sheria ya Jua haimruhusu yeyote kupinga somo la nje, na neno "kila mtoto" halimwachi hata mshtakiwa. Watoto wakainuka na visanduku vyao, wakatoka kwa mistari, Siwema akiwa wa mwisho. Wazazi wakawafuata kuona kunani. Mimi sikungoja kuambiwa mara mbili, kwa kuwa magoti yangu huhitaji kuanza safari mapema. Ndani wakabaki wajumbe, Mwenyekiti akisoma, na Tarumbeta aliyefungwa kwenye nguzo.

Tarumbeta alimwona mchungaji wake akipotelea mlangoni. Akalia ile sauti yake. Akavuta kamba, akarudi nyuma, akavuta tena kwa nguvu zote za beberu aliyelishwa na mtaa mzima.

Nguzo haikuvunjika. Ilimomonyoka tu. Mbingu ya buluu ikapasuka katikati, ikashuka pamoja na mawingu yake, mbao nyembamba na chokaa tupu, na mbuzi akatoka mbio na kipande cha nguzo nyuma yake. Vumbi lilipotulia tuliwaona wajumbe wamekaa palepale, wazima, weupe vichwani, jua la saa sita likiwapiga usoni. Kisha, kimoja baada ya kingine, visanduku vyao vikaanza.

"Hongera. Uko nje."

"Hongera. Uko nje."

Mwenyekiti hakuwahi kupata alama hata moja maishani mwake. Alikishika kisanduku kwa mikono miwili, akakitazama, akatabasamu mpaka nikamwonea huruma. Halafu akajifuta chokaa na kukumbuka kazi.

"Tuendelee na hukumu ya mtoto," akasema.

"Haiwezekani, mheshimiwa," akajibu Bwana Kilindo kutoka kwenye mlango ambao sasa haukuwa mlango wa kitu chochote. "Hukumu ya Nyumba ya Mapazia haitamkwi nje. Ni kifungu cha kwanza kabisa. Na Shahidi wako anasema uko nje."

Mwenyekiti akatazama chini. "Hongera," kikarudia kisanduku. "Uko nje. Jua ni kali kiasi."

Hakuna aliyethubutu kumbishia Shahidi. Shauri la Siwema likaahirishwa mpaka ukumbi uezekwe upya, na Bi Mashavu akakaa chini palepale kwenye vumbi akalia, binti yake akimpangusa chokaa ambayo haikumwangukia.

Bwana Kilindo alivuliwa ukaguzi wiki hiyo. Nilimkuta malishoni na Siwema, tai imefungwa kwenye pembe ya Tarumbeta, amepiga magoti anasikiliza kichuguu. Bi Mashavu aliirudisha fedha ya pazia lile jeusi na sasa anashona sare za shule. Kamati ya kuchora mbingu mpya ilikuwa tayari imegombana. Wengine walitaka buluu iliyokoza, wengine iliyofifia, na walikuwa wakibishana hayo nje, chini ya mbingu, vichwa vimeinamia visanduku.

Siku ya kuondoka nilipita ukumbini kumuaga Siwema, aliyekuwa akichunga karibu na hapo. Mafundi walikuwa wameleta nguzo na mbao mpya, wamezirundika chini. Nikamuuliza lililokuwa likinikera moyoni tangu siku ile.

"Na paa likirudi, mjukuu wangu?"

Alilisogelea rundo la mbao, akabandika kikombe chake cha shaba kwenye nguzo iliyokuwa chini kabisa, akafumba macho, akasikiliza. Kisha akanigeukia.

"Wameshaingia, babu," akasema.